Jiko la Mediterania Katika Kikapu cha Mwanza

Katika miji ya Ugiriki, na katika miji ya ng'ambo ambako Wagiriki walihamia, limekuwapo kwa vizazi vingi duka dogo la mtaani liitwalo bakaliko, ambalo huuza vitu vya kupikia nyumbani: maharage na dengu katika magunia yaliyokunjwa midomo, mafuta ya zeituni yanayopimwa kwa chombo anacholeta mteja, zeituni zilizolowekwa katika maji ya chumvi, jibini nyeupe ndani ya pipa, samaki waliokaushwa kwa chumvi, majani makavu ya oregano, mchele, asali, na pembeni sabuni na viberiti. Mwenye duka huwajua wateja wake kwa majina, humpimia robo kilo yule asiye na fedha ya kilo nzima, huandika madeni katika daftari hadi mwisho wa mwezi, na huelewa ni kaya gani imefunga na ni ipi imepata mgeni, kwa hiyo ushauri wake juu ya kitakachopikwa siku hiyo hupewa uzito. Mkazi wa Mwanza hawezi kupata tabu kulitambua duka la namna hiyo, kwa kuwa duka la Mangi, ambalo halikosekani mtaani iwe ni Igoma, Nyakato au Kirumba, hufanya kazi ileile kwa utaratibu uleule, ingawa bidhaa zake zinatofautiana kwa sehemu na zile za Mgiriki. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwani sehemu kubwa ya chakula kinachosifiwa duniani kwa jina la Mediterania huvuliwa, hulimwa au hukamuliwa katika Kanda ya Ziwa yenyewe, na mnunuzi wa Mwanza anayetaka kukipika nyumbani anahitaji bidhaa moja tu ya kutoka mbali inayostahili gharama yake.

Historia inaeleza kwa nini bakaliko lenyewe halikuota mizizi kando ya Ziwa Victoria. Nchini Sudan, baada ya majeshi ya Uingereza na Misri kushinda vita vya Omdurman mwaka 1898, wafanyabiashara wa Kigiriki waliifuata reli na kambi za askari, na duka la vyakula la Mgiriki likawa jambo la kawaida Khartoum na hata katika miji midogo ya ndani. Katika Kongo ya Wabelgiji, Wagiriki, wengi wao kutoka visiwa kama Rhodes, walinunua na kusafirisha samaki wa Mto Luapula na Ziwa Mweru ili kuwalisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga. Tanganyika ilichukua mkondo mwingine: Wagiriki wa mwanzo waliletwa na kazi za ukandarasi wa reli zilizojengwa na Wajerumani, yaani reli ya Usambara kutoka Tanga na reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha wakageukia mkonge, kahawa na tumbaku katika Tanga, Morogoro, Kilimanjaro, Arusha na Iringa. Jina la mmoja wao, George Arnautoglu, limebaki katika ukumbi alioufadhili Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ambao wakazi wa jiji hilo huuita Anatoglo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipofuatwa na kutaifishwa kwa mashamba mengi ya mkonge, wengi wa Wagiriki hao waliondoka nchini. Walikuwa wakulima na makandarasi zaidi kuliko wachuuzi, na huko Mwanza, ambako reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928 kwa ajili ya pamba ya Usukuma, biashara ya rejareja ilikuwa tayari mikononi mwa Wahindi na Waarabu.

Kilichobaki cha Kigiriki katika eneo la ziwa ni kanisa. Upatriaki wa Kiorthodoksi wa Aleksandria, unaosimamia waumini wake katika Afrika nzima, ulianzisha uaskofu wa Bukoba katika miaka ya 1990, na uaskofu huo baadaye ukawa jimbo kuu la Mwanza, likiongozwa na Jeronymos Muzeeyi, mzaliwa wa Uganda, hadi alipopelekwa Kampala mwaka 2022. Waumini wake si Wagiriki bali ni watu wa Kagera na mikoa jirani, na ibada zao husomwa kwa lugha za hapa. Hata hivyo, pamoja na ibada walirithi kalenda ya mfungo, na kalenda hiyo ndiyo iliyolijenga jiko la Kigiriki kwa karne nyingi kuliko kitabu chochote cha mapishi. Katika Kwaresima Kuu, na vilevile siku nyingi za Jumatano na Ijumaa za mwaka, Mworthodoksi anayeshika mfungo huacha nyama, maziwa, mayai na samaki. Samaki huruhusiwa siku ya Kupashwa Habari Maria, tarehe 25 Machi, na Jumapili ya Matawi. Ukijumlisha siku zote za mfungo, zinakuwa sehemu kubwa sana ya mwaka ambayo mpishi hana budi kuitafutia ladha kutoka kwenye mikunde, mboga za majani, mafuta, vitunguu na ndimu. Ndiyo maana bakaliko huwa na rafu nzima ya vyakula vya mfungo, na ndiyo maana supu ya maharage iitwayo fasolada huhesabiwa na Wagiriki wengi kuwa ndicho chakula chao cha taifa.

Sifa ya kitabibu ya chakula hicho ilikuja baadaye, na ilitoka mahali ambapo wenyeji hawakujiona wamebarikiwa. Mwaka 1948 wataalamu waliofadhiliwa na taasisi ya Rockefeller Foundation walichunguza maisha ya kisiwa cha Krete kilichokuwa kimeharibiwa na vita, na taarifa yao, iliyochapishwa na Leland Allbaugh mwaka 1953, ilionyesha kuwa watu waliishi kwa mikunde, mkate, mboga, matunda na mafuta ya zeituni kwa wingi, na kwamba walipoulizwa wanachokosa wengi walitaja nyama. Miaka michache baadaye mtaalamu wa Marekani, Ancel Keys, alianzisha uchunguzi wa muda mrefu wa nchi saba, ulioanza mwaka 1958, na wanaume wa Krete wakaonekana kuwa na vifo vichache mno vya maradhi ya moyo wakilinganishwa na wa Marekani na Finland. Mwaka 2010 UNESCO iliiweka milo ya Mediterania katika orodha ya urithi wa utamaduni kwa maombi ya Ugiriki, Italia, Hispania na Morocco, na mwaka 2013 Cyprus, Croatia na Ureno zikaongezwa. Chakula kilichokuwa cha maskini, ambacho waliokila walitamani kukikimbia, kikawa kitu cha kununuliwa kwa bei ya juu na watu wa mataifa mengine, na hilo ni jambo ambalo kaya ya Mwanza inayoona aibu kumpa mgeni dengu inapaswa kulitafakari kwa makini.

Tafakari hiyo inapata nguvu kutoka Tanzania yenyewe. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro, ambamo vijana 77 wa kiume wenye afya njema walibadilishiwa chakula: baadhi ya waliozoea vyakula vya asili vya ndizi, mikunde na mboga wakapewa kwa wiki mbili milo ya kizungu ya kukaangwa na ya viwandani, wengine wakabadilishwa kwa mwelekeo wa kinyume, na kundi lingine likanywa mbege, pombe ya asili ya ndizi, kwa wiki moja. Waliohamishiwa milo ya kizungu walionyesha ongezeko la dalili za uvimbe wa ndani ya mwili, yaani hali ambayo kinga ya mwili huwaka bila kuwapo ugonjwa wa kupigana nao, ilhali waliorudishwa kwenye milo ya asili walionyesha kupungua kwa dalili hizo, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Kwa hiyo anayeitafuta Mediterania jijini Mwanza hafuati mtindo wa wageni. Anarudi, kwa njia ndefu kidogo, kwenye jiko la bibi yake.

Bidhaa ya kwanza ya kuizungumzia ni dengu, nayo inastahili nafasi kubwa. Hapa dengu ni ile punje yenye ncha kama mdomo wa ndege, inayolimwa Magu, Kwimba, Misungwi na katika mikoa ya Shinyanga na Simiyu, wala si choroko, ambayo Wakenya huiita ndengu. Mmea huu hupandwa mvua zinapokaribia kwisha, katika udongo mweusi mzito ambao Wasukuma huuita mbuga, udongo unaotunza unyevu kwa miezi kadhaa na kuukuza mmea bila mvua mpya, kisha huvunwa wakati wa kiangazi. Karibu kila mlo wa Mediterania una nafasi ya dengu: Wagiriki huzipika nzima kuwa revithia, watu wa Lebanon, Syria na Palestina huzisaga kuwa humusi, Waitalia wa kusini huzichanganya na tambi, na Wamorocco huzitia katika supu ya harira ambayo hufunguliwa nayo Ramadhani. Ziko aina mbili kuu, nazo ni desi, yenye punje ndogo za kahawia na ganda gumu, na kabuli, yenye punje kubwa za rangi ya maziwa na ganda jembamba. Wagiriki hutumia kabuli, na wakulima wa Kanda ya Ziwa hulima zaidi desi kwa sababu ndiyo inayotakiwa na wanunuzi wa India. Hata hivyo kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichopo wilayani Misungwi, kikishirikiana na taasisi ya kimataifa ya ICRISAT, kilitoa mwanzoni mwa miaka ya 2010 mbegu mpya za aina zote mbili, na miongoni mwa majina yake yamo Ukiriguru 1, Mwanza 1, Mwanza 2 na Mwangaza.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dengu hizo hupita karibu na jiko la mkulima bila kuingia ndani. Kwa miaka mingi zimekuwa zao la kuuzwa nje, na mwishoni mwa mwaka 2017, India ilipoweka ushuru wa asilimia 30 juu ya dengu zinazoingia nchini humo na kisha kuupandisha hadi asilimia 60 miezi michache iliyofuata, ilionekana jinsi soko la nje linavyoweza kubadilika ghafla. Zao ambalo halina mlaji nyumbani humweka mkulima chini ya huruma ya waziri wa nchi nyingine. Kama kaya za Mwanza, shule zake na mamalishe wake wangezizoea dengu kama walivyoyazoea maharage, sehemu ya mavuno ingekuwa na soko lisilohitaji kuvuka bahari, na mlaji angepata protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi kwa gharama ndogo kuliko ya nyama. Mnunuzi achague punje zinazolingana ukubwa, zisizo na matundu ya wadudu wala vumbi la unga chini ya gunia, na aulize ni za msimu upi, kwa kuwa dengu zilizokaa ghalani mwaka wa pili hula mkaa mwingi na hazilainiki vizuri.

Samaki ni habari nyingine, na hapa uhusiano wa Mwanza na Mediterania ni wa moja kwa moja. Tanzania inamiliki asilimia 51 ya eneo la Ziwa Victoria, na sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliongezeka kwa kasi kubwa katika miaka ya 1980 huku aina nyingi za furu zikitoweka. Viwanda vya kuchakata minofu vilipofunguliwa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, Italia, Hispania, Ureno na Ugiriki zilikuwa miongoni mwa nchi zilizopokea minofu hiyo, kiasi kwamba mwaka 1997 Hispania na Italia zilipoizuia kwa hofu ya bakteria wa salmonela, na tena mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi kwa hofu ya uvuvi wa sumu, wavuvi na wafanyakazi wa viwandani wa Mwanza waliumia mara moja. Minofu ikaenda kwenye meza za kando ya Mediterania, na mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya mnofu kuondolewa, yakabaki kukaangwa na kuuzwa kwa watu wa hapa. Ni haki kusema kwamba mapanki yana virutubisho na yamelisha watu wengi, lakini si haki kwamba mkazi wa mwambao wa ziwa awe mgeni wa mnofu wa samaki wake.

Kwa bahati nzuri yupo sato, na pia wapo dagaa. Sato mbichi, anayeuzwa kwa kilo au kwa mmoja mmoja, ana nyama nyeupe isiyovunjika upesi inapopikwa katika mchuzi wa nyanya, hivyo anafaa kwa mapishi ya Kigiriki kuliko sangara mkubwa mwenye mafuta. Macho yake yawe angavu na yaliyojaa, mashavu ya ndani yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi mahali pake. Asinunuliwe sato aliye chini ya sentimeta 25 wala sangara aliye chini ya sentimeta 50, si kwa sababu ya sheria peke yake, bali kwa sababu samaki mchanga aliyenunuliwa leo ni kizazi kizima kilichokosekana kesho. Dagaa wa ziwa hushika nafasi ya dagaa wadogo wa baharini ambao Wagiriki huwakaanga na kuwala wazima pamoja na mifupa, na thamani yao kubwa, yaani madini ya kalsiamu, imo katika mifupa hiyohiyo. Wakiwa wakavu, wanunuliwe walioanikwa juu ya vichanja, ambao hawana mchanga na wana rangi ya fedha, wala si walioanikwa ardhini. Soko la Mwaloni Kirumba, ambalo huhudumia wafanyabiashara kutoka Rwanda, Burundi na Kongo, ndilo mahali pa kuchagua kwa uhuru, na mnunuzi akumbuke kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo siku za mbalamwezi huadimika na bei hupanda.

Mboga hazina haja ya maelezo marefu. Wagiriki wana desturi ya kuchuma majani ya porini, hasa yenye uchungu, kuyachemsha na kuyala na mafuta na limau, chakula wakiitacho horta, na genge lolote la Mwanza lina mgagani, mchicha, majani ya kunde na mnavu vya kutosha kuitimiza. Nyanya, bilinganya, bamia, hoho, matango, vitunguu na vitunguu saumu vipo mwaka mzima. Oregano inaweza kuachwa kabisa. Giligilani mbichi na ndimu huziba pengo lake kwa heshima.

Katika maziwa, Usukuma ni tajiri kuliko visiwa vingi vya Ugiriki, ambavyo hutegemea mbuzi na kondoo. Mtindi mzito unaouzwa madukani Ulaya kwa sifa ya Kigiriki si chochote zaidi ya mtindi wa kawaida uliochujwa maji, na mtu akiumimina mtindi wa Mwanza katika kitambaa safi cha pamba, akaufunga na kuutundika juu ya bakuli kwa saa kadhaa mahali penye ubaridi, ataupata uleule. Ukichanganywa na tango lililoparuzwa na kukamuliwa, kitunguu saumu kilichopondwa, chumvi na mafuta kidogo, unakuwa tsatsiki, kitoweo baridi kinachofaa sana pembeni ya samaki wa kuchoma. Jibini ya feta, kwa upande wake, inalindwa na sheria ya Ulaya tangu mwaka 2002 kuwa ni ile ya Ugiriki peke yake, itokanayo na maziwa ya kondoo yakiwa na maziwa ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30, na inapoonekana katika supamaketi za Mwanza huwa ghali. Mtindi uliochujwa usiku kucha na kutiwa chumvi unatosha juu ya kachumbari, ambayo ikikatwa vipande vikubwa na kuongezwa hoho na tango inakuwa karibu sawa na saladi ya Kigiriki ya kijijini. Zeituni za kopo nazo zinaweza kusubiri sikukuu.

Bidhaa isiyo na mbadala kamili ni mafuta ya zeituni, nayo ndiyo inayowapotosha wanunuzi wengi. Chupa ndogo zinazouzwa katika maduka ya dawa, ya vipodozi na ya tiba za asili mara nyingi zimekusudiwa ngozi na nywele, na hazifai kuwekwa jikoni hata kama jina lililoandikwa juu yake ni lilelile. Mafuta ya kula hupatikana katika supamaketi na katika baadhi ya maduka ya vyakula ya Wahindi na Waarabu katikati ya jiji, na daraja lake husomwa kwenye lebo. Maneno “extra virgin” humaanisha kuwa tunda limekamuliwa kwa mashine bila joto kali wala kemikali na kwamba asidi huru haizidi asilimia 0.8, ilhali neno “pomace” humaanisha kuwa mafuta yametolewa kwa kemikali kutoka kwenye makapi yaliyobaki baada ya ukamuaji, kisha yakasafishwa, na hayo hayana manufaa ya yale ya kwanza ingawa chupa zake hupambwa kwa picha ileile ya mti. Mnunuzi achague chupa ya kioo cheusi au kopo, asome tarehe, aepuke chupa iliyosimama dirishani kwenye jua, na akifika nyumbani aiweke mbali na jiko, kwa kuwa mwanga na joto huyachachusha mafuta hayo.

Jambo ambalo mapishi ya magazeti ya nje hayalisemi ni kwamba kaya yenye kipato cha kawaida haiwezi, na haipaswi, kukaangia mafuta hayo. Vitunguu na nyanya vikaangwe kwa mafuta ya alizeti ya Singida, kwa kiasi, na ya zeituni yamiminwe kijiko kimoja kimoja juu ya chakula kilichokwisha kuiva, ambapo harufu na ladha yake hubaki nzima. Kwa njia hiyo chupa moja huweza kukaa muda mrefu. Utafiti mkubwa wa Hispania ujulikanao kwa jina la PREDIMED, uliotolewa mwaka 2013 na kuchapishwa upya baada ya marekebisho mwaka 2018, ulionyesha kuwa watu walio katika hatari ya maradhi ya moyo waliopewa milo ya Mediterania pamoja na mafuta ya zeituni, au pamoja na jamii ya lozi, walipata mishtuko michache zaidi kuliko waliotakiwa kupunguza mafuta. Waliopewa mafuta walipewa kwa wingi ambao kijiko kimoja hakiufikii, na karanga za kwetu hazikuwa katika utafiti huo, kwa hiyo si sahihi kuahidi matokeo yaleyale. Lakini kuacha mafuta ya kukaangia yanayorudiwa mara nyingi ni faida ambayo haihitaji chupa yoyote kutoka ng'ambo. Ufuta, ambao Lindi na Mtwara huuza nje kwa wingi, ukikaangwa kidogo bila mafuta na kusagwa hadi utoe mafuta yake wenyewe, hutoa tahini, rojo zito ambalo huingia katika humusi na ambalo Wagiriki hulitegemea siku za mfungo mkali, wakati hata mafuta ya zeituni huachwa.

Namna ya kununua ina uzito sawa na kinachonunuliwa. Mteja wa bakaliko huenda dukani mara kwa mara na hununua kidogo, na mkazi wa Mwanza asiye na jokofu hufanya hivyohivyo kwa kulazimika. Kulazimika huko kuna faida yake, kwa kuwa samaki hununuliwa asubuhi na kuliwa mchana, na mboga hazilali. Mikunde na ufuta vinunuliwe kwa wingi sokoni mara moja kwa mwezi, vikapimwe kwa kilo badala ya kisado kisichojulikana kina chake, na vilivyobaki viachiwe duka la mtaani. Mwenye duka naye huagiza anachoulizwa: kaya tano za mtaa mmoja zikimwomba Mangi dengu kila wiki, gunia la dengu litasimama karibu na la maharage bila semina wala mradi.

Kwa anayetaka kuanza, samaki wa plaki ndiye mwepesi zaidi. Vitunguu viwili vikubwa hukatwa mapete na kulainishwa taratibu kwa mafuta, huongezwa vitunguu saumu, nyanya nyingi zilizoparuzwa, chumvi na giligilani, na mchuzi ukishakuwa mzito sato aliyechanjwa na kupakwa ndimu hulazwa juu yake katika sufuria pana, akafunikwa kwa nusu ya mchuzi na vipande vya limau. Wagiriki humwingiza katika oveni; jikoni Mwanza, mfuniko wa bati na makaa yaliyopaliwa juu na chini hufanya kazi hiyohiyo kwa muda usiozidi nusu saa. Kijiko cha mafuta ya zeituni humiminwa mwishoni, na chakula huliwa kikiwa na uvuguvugu, kwa ugali wa mtama au kwa wali.

Revithia huhitaji subira zaidi lakini kazi kidogo. Katika kisiwa cha Sifnos, dengu zilizolowekwa hutiwa katika chungu cha udongo pamoja na vitunguu, majani ya bay, mafuta na maji, hufunikwa na kupelekwa katika tanuri la kuni Jumamosi jioni, na hutolewa Jumapili baada ya ibada zikiwa laini kama siagi. Vyungu vya udongo bado vinauzwa katika masoko ya Mwanza, na mkaa unaobaki baada ya chakula cha jioni, ambao kwa kawaida huachwa uzimike bure, unaweza kuzifikisha dengu karibu na kuiva iwapo zimelowekwa tangu asubuhi, zikasuguliwa kwa magadi soda kidogo na kuoshwa vizuri kabla ya kupikwa. Kwa desi, ambazo ganda lake ni gumu, ulowekaji uongezwe hadi saa 24 na maji yabadilishwe mara moja, na chumvi pamoja na ndimu zitiwe mwishoni kabisa, kwa kuwa uchachu ukitangulia punje hubaki ngumu hata mkaa wote uishe.